Upasuaji wa Moyo, Presha na Figo: Maswali ya Wagonjwa na Ndugu Zao

Familia inapompeleka mgonjwa kufanyiwa upasuaji wa moyo, mawazo yote huwa kwenye moyo. Siku ya pili au ya tatu daktari anaanza kuzungumzia figo, na ndugu wanaduwaa: figo zimetoka wapi tena? Si jambo la nadra. Kati ya wagonjwa 10 wanaofanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo, wawili hadi watatu hupata jeraha la figo la kiwango fulani. Wengi wao ni jeraha dogo linalopona, lakini wachache kati ya kila 100 hufikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa na wale watakaokaa naye wodini.

Mgonjwa ana shida ya valvu, yaani milango ya moyo. Figo zinaingiaje hapo?

Figo mbili za mtu mzima hazifiki nusu kilo, uzito wake ni kama gramu 300 tu. Hata hivyo, moyo ukisukuma lita 5 za damu kwa dakika, karibu lita nzima hupitia kwenye figo. Mtu akisikia hivyo anadhani zina damu ya kumwaga. Sivyo. Damu nyingi huishia sehemu ya nje ya figo, inakochujwa. Sehemu ya ndani, ambako maji na chumvi hurudishwa mwilini na mkojo kukolea, hupata damu kidogo na oksijeni kidogo, ilhali kazi yake ni nzito. Ni kama shamba lililo mwisho wa mfereji: maji yakipungua kule juu, hilo ndilo la kwanza kukauka. Hata siku ya kawaida sehemu hiyo haina akiba kubwa ya oksijeni. Mtiririko ukipungua kwa muda wa kutosha, seli zake huanza kuumia, na upasuaji wa moyo ni mahali ambapo mtiririko huo unaweza kupungua kwa njia nyingi.

Presha hupimwaje mtu akiwa amelala usingizi wa dawa?

Kile kitambaa cha kujaza upepo mkononi hakitoshi. Daktari wa usingizi huingiza mrija mwembamba ndani ya ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni), mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, na presha huonekana kwenye skrini kila sekunde. Namba wanayoifuata zaidi ni presha ya wastani. Unaweza kuikadiria mwenyewe: chukua namba ya chini, ongeza theluthi moja ya tofauti kati ya ya juu na ya chini. Mwenye 120 kwa 80 ana wastani wa 93. Mwenye 170 kwa 100 ana wastani wa 123. Shika namba hizi mbili, tutazihitaji.

Moyo ukisimamishwa, presha inatoka wapi?

Inatoka kwenye mashine ya moyo na mapafu. Daktari John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mjini Philadelphia, Marekani. Kwetu Tanzania upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na leo unafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mashine hupokea damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), huitia oksijeni na kuirudisha kwenye ateri kuu. Mtaalamu anayeiendesha huamua lita ngapi zipite kwa dakika kulingana na ukubwa wa mwili. Kwa kawaida ni lita 2.2 hadi 2.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, yaani karibu lita 4 kwa mtu wa wastani.

Wengi hawajui kwamba mtiririko na presha ni vitu viwili tofauti. Mirija ya mashine hujazwa maji ya dripu kabla ya kuunganishwa, kwa hiyo damu ya mgonjwa huwa nyepesi. Dawa za usingizi nazo hulegeza mishipa. Lita zinaweza kuwa zilezile na presha ikashuka. Mgonjwa akiwa kwenye mashine, presha ya wastani huachwa kati ya 50 na 80. Kwa mtu anayetembea barabarani 55 ingekuwa hatari, lakini aliyelala usingizi wa dawa, na mara nyingi aliyepoozwa mwili kidogo, mahitaji yake ya oksijeni ni madogo. Wagonjwa wengi hupita hapo salama.

Baba ana presha ya kupanda miaka mingi. Yeye yuko hatarini zaidi?

Ndiyo. Figo ina uwezo wa kujirekebisha: presha ikishuka, mishipa inayoingiza damu hutanuka ili mtiririko usibadilike. Uwezo huo una kikomo. Kwa mtu mwenye afya vitabu vingi huweka kikomo hicho kwenye wastani wa karibu 80. Chini ya hapo mtiririko huanza kufuata presha. Kwa aliyeishi na presha ya kupanda kwa miaka mingi, mishipa imekuwa minene na migumu, na kikomo kimesogea juu.

Sasa rudi kwenye zile namba mbili. Wote wawili wakiwekwa kwenye wastani wa 65, wa kwanza amepoteza 28 kutoka kwenye kawaida yake, na baba mwenye 170 kwa 100 amepoteza 58. Skrini inaonyesha 65 kwa wote, lakini figo zao haziko katika hali moja. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mada hii: presha inayofaa haijulikani mpaka ujue presha aliyoizoea mgonjwa huyo. Na anayeijua vizuri zaidi ni yeye mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Vipimo vya asubuhi ya upasuaji si vya kutegemea, kwa sababu hofu hupandisha presha na dawa huishusha.

Basi kwa nini wasiipandishe tu?

Limejaribiwa. Nchini Ufaransa wagonjwa 300 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja wastani wao ulishikiliwa kati ya 75 na 85 wakiwa kwenye mashine, jingine kati ya 50 na 60. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti katika jeraha la figo. Utafiti wa Denmark uliolinganisha 70 hadi 80 na 40 hadi 50 nao haukuona faida kwa figo.

Sababu inaeleweka. Ili presha ipande bila kuongeza lita, daktari hutoa dawa kama noradrenalini, ambayo hubana mishipa. Namba inapanda, lakini mishipa iliyobanwa ni pamoja na ile ya figo, na oksijeni inayofika huenda isiongezeke. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa huangalia pia kiasi cha oksijeni kinachofikishwa mwilini: lita za damu, wingi wa himoglobini (kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu), na oksijeni iliyobebwa. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kutunza kiasi hicho kisipungue mililita 280 kwa dakika kwa kila mita ya mraba kulipunguza majeraha madogo ya figo. Kwa hiyo presha isiachwe ishuke ovyo, hasa kwa mwenye presha ya kupanda, lakini kuisukuma juu kwa dawa peke yake hakulindi figo.

Kuna mambo mengine yanayoziumiza?

Muda. Kadiri mgonjwa anavyokaa kwenye mashine ndivyo hatari inavyoongezeka, na upasuaji wa valvu mbili huchukua muda mrefu kuliko wa moja. Chembe nyekundu zinazopasuka ndani ya mashine huachia himoglobini inayodhuru mirija ya figo. Upungufu wa damu kabla ya upasuaji, kisukari, na figo ambazo tayari zilikuwa dhaifu navyo huchangia.

Kuna moja linalowahusu sana wagonjwa wa Afrika Mashariki, wengi wao vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Wengi hufika hospitali wamechelewa, miguu imevimba, damu imerundikana kwenye vena. Damu hupita kwenye figo kwa sababu presha ya kuingia ni kubwa kuliko ya kutoka. Ikiwa ya kuingia ni 70 na ya vena ni 5, msukumo ni 65. Presha ya vena ikifika 20, msukumo ni 50, ingawa ile 70 kwenye skrini haijabadilika. Kwa hiyo wiki anazolazwa akipewa dawa za kukojoza kabla ya upasuaji si kupotezewa muda. Anatengenezewa figo zake.

Tutajuaje kwamba figo zimeguswa?

Tazama mfuko wa mkojo kando ya kitanda. Mara nyingi una kikasha kidogo chenye mistari, na muuguzi hukisoma kila saa. Kipimo ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 anatarajiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Akiwa chini ya hapo saa 6 mfululizo, ni dalili ya jeraha.

Cha pili ni kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo. Ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikafika mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku 7, figo zimeumia. Aliyeingia na 80 akawa na 125 amevuka mpaka huo, hata kama jibu la maabara linaonekana limezidi kidogo tu. Kumbuka kreatinini huchelewa: figo inaweza kuumia mchana wa Jumatatu na namba ikaonekana Jumatano.

Akiwekwa kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ndiyo basi tena?

Hapana. Wengi wa wanaohitaji dialisisi baada ya upasuaji wa moyo huhitaji kwa muda, figo zikipumzika na kuamka. Wapo ambao haziamki, na wanaofikia hatua hiyo huwa wagonjwa sana kwa ujumla. Daktari akisema hali ni nzito, anamaanisha hivyo. Kukataa dialisisi kwa kuogopa kwamba ukianza huachi kumewagharimu watu ambao wangepona.

Ndugu tufanye nini kabla ya siku yenyewe?

Pimeni presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mwandike, na karatasi hiyo apewe daktari wa usingizi. Pelekeni dawa zote kwenye mfuko, si majina ya kukumbuka. Dawa za presha kama losartani na enalaprili huenda zikasimamishwa siku moja kabla, lakini aseme daktari, msiamue wenyewe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziachwe mapema. Na kama mgonjwa anakunywa dawa za miti shamba, semeni bila aibu. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza bado semeni.

Na akisharudi nyumbani?

Ombeni kreatinini ya siku ya kuruhusiwa iandikwe kwenye karatasi yake. Aliyepata jeraha la figo apimwe tena damu na mkojo baada ya miezi 3, hata kama anajisikia mzima, kwa sababu baadhi huingia kwenye ugonjwa sugu wa figo bila dalili. Kidonda cha kifua kikiuma, msikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki; parasetamoli kwanza, ikishindwa arudi kliniki. Miguu ikivimba, mkojo ukipungua au pumzi ikibana akilala chali, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.