Kava la grenda si la wanafunzi tu

Mafundi wengi wa kuchomelea huamini kava la grenda, ile kinga inayofunika jiwe (diski) la mashine ya kukatia na kusagia chuma, ni la wanaojifunza, na aliyezoea hulivua. Sivyo. Mkono mzoefu hauzuii jiwe lililopasuka. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa jiwe lake hukimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Kinachosimama kati ya vipande vya jiwe likipasuka na uso wako ni kava.

Likishavuliwa, wengine hufunga jiwe la inchi 9 kwenye grenda hiyo ndogo. Hilo naliogopa kuliko umeme. Lisome kwa karibu: kasi yake ya mwisho imeandikwa, kama mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, chini sana ya 11,000 ya grenda hiyo. Geuza kava likae upande wako, na chomoa plagi kabla ya kubadili jiwe.