Wallace, uzee na mizizi ya Eyasi: bibi anakula chakula cha nani?

Ukiwa katika msitu wa tropiki, chagua mti mmoja kisha utafute mwenzake wa spishi ile ile. Huenda ukazunguka kutwa usiupate. Alfred Russel Wallace, mtafiti wa viumbe kutoka Uingereza, aliijua bioanuwai hiyo, yaani wingi wa aina za viumbe, kwa miguu yake: miaka minne Amazon kuanzia 1848, kisha 1854 hadi 1862 katika visiwa ambavyo leo ni Malaysia na Indonesia. Huko alikusanya vielelezo 125,660, vingi vikiwa vya wadudu. Ndege wengi waliwindwa na kijana wa Sarawak aitwaye Ali, na sisi wa makumbusho tuna deni la kulitaja jina hilo.

Mwaka 1858, homa ilipompanda, ndipo hoja ya uteuzi asilia ilipomjia: viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao huishi na kuzaa zaidi, na sifa zao huenea. Akaiandika, akamtumia Charles Darwin.

Hayo yanajulikana. Lisilosimuliwa sana ni andiko lake fupi la kati ya 1865 na 1870, lililochapwa 1889 kama tanbihi tu katika tafsiri ya Kiingereza ya insha za mwanabiolojia Mjerumani August Weismann. Humo Wallace anaeleza kwa nini viumbe huzeeka na kufa, na maelezo yake ni makali. Mzazi aliyekwisha kuzaa anakula chakula ambacho wanawe wangekula. Kwa hiyo uteuzi asilia hupendelea koo ambazo wazazi hawakawii kuondoka. Wanabiolojia wa leo hueleza vingine: kadiri umri unavyosonga, nguvu ya uteuzi hupungua, hivyo kasoro zinazojitokeza uzeeni hazichujwi.

Hata hivyo hoja ya chakula nadhani inastahili kufuatwa, maana kwa binadamu hugeuka: bibi ndiye huwatafutia wajukuu chakula. Mwanamke hukoma hedhi akiwa na miaka 50 hivi, kisha huishi miaka mingi. Tena si mambo ya hospitali za kisasa: hata miongoni mwa wawindaji na wachumaji, aliyefika miaka 45 kwa kawaida bado ana kama 20 mbele yake. Wastani wao wa kuishi huonekana mdogo kwa sababu watoto wengi hufa mapema.

Kwa Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa Ziwa Eyasi, Tanzania, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwakuta bibi wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu, saa nyingi kuliko hata mabinti zao. Mama mwenye kichanga hupunguza kutafuta chakula. Kipindi hicho, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuata kazi ya bibi yake.