Je, wajua kwa nini mrija wa mnyoo wa baharini hautoshi kumpa mnyoo huyo jina?

Mwanafunzi mmoja hapa Dodoma alirudi kutoka likizo Bagamoyo na ganda la chaza lililojaa mgongoni mirija myeupe, migumu kama chokaa, iliyojipinda na kupandana, kila mmoja mnene kama kijiti cha kiberiti. Aliuliza: huyu ni mnyoo gani?

Mirija hiyo ni ya chokaa, na minyoo wanaojenga kwa chokaa wengi wao ni wa familia ya Serpulidae. Jamaa zao wa Sabellidae hutumia ute na tope, na wale wa Sabellariidae hugandisha chembe za mchanga. Zaidi ya hapo mrija hausemi mengi, maana hata konokono wa familia ya Vermetidae hujenga mirija ya namna hiyohiyo. Carl Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1758 aliiweka Serpula, jenasi (kundi la spishi) ya familia ya Serpulidae, pamoja na konokono na chaza kwa sababu ya ugumu wa nyumba zao. Ni kama kuliona tembe kwa mbali: paa lake bapa la udongo halikuhakikishii kuwa mwenyeji ni Mgogo, kwa kuwa Wahehe nao walijenga matembe, na anayetaka kumjua mwenye nyumba hana budi kupiga hodi.

Kwa mtaalamu, kupiga hodi ni kuuvunja mrija taratibu na kumlaza mnyoo chini ya darubini. Hapo huanza kazi ninayoiona kuwa ya uvumilivu mkubwa kuliko zote katika elimu ya viumbe. Huhesabu pingili za kifua, ambazo kwa Serpulidae kwa kawaida saba kati yake huwa na vinywele vigumu, kisha huchunguza umbo la ncha za vinywele hivyo, na hatimaye kizibo, yaani unyuzi mmoja wa taji la kichwani uliobadilika ukawa mlango wa kufungia mrija mnyoo anapojificha. Akiridhika kwamba mnyoo huyo hajaelezwa bado kisayansi, huandika maelezo yake, humpa jina, na huchagua kielelezo kimoja, holotaipu, kitakachohifadhiwa makumbusho ili jina lishikamane nacho daima.

Hata hivyo macho hudanganyika. Spirobranchus kraussii, spishi ya familia hiyohiyo ya Serpulidae iliyopewa jina na William Baird mwaka 1865 kutokana na minyoo wa Afrika Kusini, iliaminika kwa miaka mingi kuwa imeenea katika bahari nyingi za joto, mpaka uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulipoonyesha kwamba chini ya jina hilo moja zilijificha spishi kadhaa. Mojawapo, ya Ghuba ya Uajemi, ilipewa jina la Spirobranchus sinuspersicus mwaka 2020. Ndiyo maana sampuli nyingine huhifadhiwa katika ethanoli, kwa kuwa formalini, dawa nyingine ya kuhifadhia viumbe, hulinda umbo lakini huharibu vinasaba.

Mirija ya ganda lile ilikuwa mitupu, kwa hiyo nilimwandikia “huenda ni Serpulidae” tu, nikamwomba aongeze kwenye karatasi ufuo na tarehe aliyoliokota.