Pama Haileti Upara

Kijana akitokea mjini Nairobi na suti na kofia ya pama kichwani, hakosi wa kumwonya: "Utaota upara." Si kweli, na inasikitisha kuona vazi la heshima likiachwa kwa hofu hiyo. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi, wa baba na wa mama, pamoja na homoni iitwayo dihidrotestosteroni, inayodhoofisha mashina ya nywele taratibu. Mashina hayo hupata oksijeni kutoka kwenye damu. Kofia haiwezi kuyakosesha pumzi. Kinachong'oa nywele ni kuvutwa mfululizo, kama kwa misuko ya kubana.

Ukinunua pama ya mtumba katika soko la Gikomba, pindua ukanda wa ndani, ufute jasho la mwenyewe wa kwanza, uianike kivulini.