Meseji za IEBUPDTE: sio kila NOT FOUND ni erori

Wengi wanaoanza kazi kwenye meinfremu (kompyuta kubwa) za IBM, na hata wale wanaojifunza nyumbani kwa kuwasha MVS 3.8j (mfumo endeshi wa zamani wa IBM) ndani ya Hercules (programu inayoigiza meinfremu) kwenye laptopu, wanakutana na IEBUPDTE mapema sana. Ndo programu ya kuongeza, kubadili na kufuta mistari ya programu iliyoko kwenye maktaba, na meseji zake zinachanganya watu bila sababu.

Mfano umeandika ./ ADD NAME=MSHAHARA, yaani ongeza memba (faili moja ndani ya maktaba) inayoitwa MSHAHARA, job ikaisha, unafungua SYSPRINT (ripoti ya meseji) unakuta

IEB817I MEMBER NAME (MSHAHARA) NOT FOUND IN NM DIRECTORY. STOWED WITH TTR.

Mtu akiona tu NOT FOUND anapaniki, anaanza kurudia job. Jamani hapo inakwambia imetafuta hilo jina kwenye orodha ya maktaba mpya, haikulikuta, basi imeliandika pamoja na anwani yake ya kwenye diski, kwa hiyo kama memba ni mpya kila kitu kiko sawa. Ila kama ulikuwa unaweka toleo jipya juu ya la zamani kwa PARM=NEW (chaguo unaloliweka wakati wa kuita IEBUPDTE), ulitakiwa uone IEB816I, ile ya FOUND. Ukiona 817 kagua jina haraka, labda umeandika MSHAHRA, maana toleo la zamani bado lipo vile vile na ndo litakalokompailiwa, na job itakuonyesha imefaulu.

Halafu hiyo I ya mwisho isikudanganye, meseji za IEB zinaishia na I hata zikiwa za kosa. Shuka hadi IEB818I, HIGHEST CONDITION CODE. Sifuri ni salama, 4 ni amri iliyoandikwa au kutumika vibaya, 12 ni kosa kubwa, kazi imekatika.

Hiyo 4 mara nyingi ni nafasi tu. Alama ./ inakaa kolamu ya 1 na 2, na jina la hiari linaanzia ya 3, sasa ukiandika ./ADD bila kuacha nafasi, ADD inasomwa kama jina na amri inakosekana.

Na kwa CHANGE, amri ya kubadili mistari, angalia kolamu 73 hadi 80, namba za mistari zinakaa huko tangu enzi za kadi za kutoboa. Namba ikifanana na ya mstari uliopo, mstari unabadilishwa, ikiwa ya katikati unachomekwa, kwa hiyo faili uliloandika kwenye laptopu bila namba lipe namba kwanza kwa ./ NUMBER NEW1=10,INCR=10.