Kome, stroberi na lugha mbili: kuwafikishia Walatino wa California habari za bahari yao

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba, idara ya afya ya jimbo la California hupiga marufuku kuokota kome wa miambani kwa ajili ya kula. Marufuku hiyo ni ya pwani nzima, ghuba na mahori yakiwemo. Majira hayo vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho huweza kuzaana kwa wingi, na baadhi yao vina sumu. Kome huchuja maji mchana kutwa, sumu inabaki mwilini mwake, naye haonyeshi dalili yoyote: hanuki, habadiliki rangi, ladha ni ile ile. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, kukaanga hakuiondoi, na ndimu haisaidii. Aliyekula huanza kufa ganzi midomo na vidole, na hali ikiwa mbaya misuli ya kupumulia hulegea. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe.

Habari hii ndiyo ninayoanza nayo nikikaa na familia ya Kilatino, yaani yenye asili ya Amerika ya Kilatini, kuzungumzia bahari. Wenzangu wengi huanza na nyangumi, au na ramani ya maeneo tengefu. Mimi naona mama aliyekuja ufukweni na watoto wake na ndoo anastahili kwanza kuambiwa jambo linalolinda uhai wa watoto hao. Akishajua kwamba nimekuja kwa ajili yake, ya samaki na ya mwani tutayafikia.

Nafanya kazi ya elimu ya bahari katika Ghuba ya Monterey, pwani ya kati ya California. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kihispania nilijifunza ukubwani, hukuhuku kazini. Bahari ya hapa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, eneo la takriban kilomita za mraba 15,800. Kilomita chache kutoka ufukweni uko mji wa Watsonville, wenye wakazi zaidi ya 50,000. Zaidi ya wanane katika kila kumi ni Walatino, wengi wao asili yao Meksiko. Ndio wanaochuma stroberi za bonde la Pajaro. Wapo watoto wa mji huu wanaofika darasa la sita bila kukanyaga mchanga wa pwani, ingawa ukungu wa bahari unawafikia mpaka dirishani.

Uvivu haumo katika jambo hili. Msimu wa stroberi mzazi yuko shambani siku sita kwa wiki. Usafiri ni shida, maegesho mengi ni ya kulipia, na watu wengi wana hisia kwamba ufukwe ni wa wenye nyumba zinazoutazama. Kwa hiyo jambo la pili ninalosema, baada ya kome, ni la haki: Sheria ya Pwani ya California ya mwaka 1976 inalinda njia ya kila mtu kufika baharini, na mchanga ulio chini ya mstari wa maji kujaa ni mali ya umma. Nimewaona akina baba wakiomba nilirudie hilo.

Kazi hii ina waliotutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hifadhi ya Monterey ilianzisha mpango wa lugha mbili ulioitwa MERITO, uliowafuata wanafunzi wa bonde la Pajaro shuleni mwao baada ya masomo, kisha ukafika hadi kwenye hifadhi ya Channel Islands huko kusini. Mwaka 2011 Marce Gutiérrez-Graudiņš alianzisha shirika la Azul, ili Walatino wawe na sauti penye kuamuliwa mambo ya bahari. Na panahitajika sauti hiyo: Walatino ni kama asilimia 40 ya watu wa California.

Taasisi nyingi bado zinaamini kwamba kufanya kazi kwa lugha mbili ni kuchukua kipeperushi cha Kiingereza, kukipeleka kwa mfasiri na kukichapisha. Kipeperushi kile kiliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, mwenye Jumamosi ya mapumziko, anayejua idara zipi zinasimamia nini. Ukikigeuza Kihispania, msomaji wake uliyemkusudia hajabadilika.

Tatizo kubwa zaidi ni watoto kufanywa wakalimani. Mwalimu wa bahari anaeleza kwa Kiingereza, mtoto wa miaka tisa anamgeukia mama yake na kumfasiria, na mama anaitikia kwa kichwa. Kwa nje inapendeza, lakini pale mzazi amewekwa chini ya mtoto wake mbele ya watu, na mtoto mwenyewe anaacha kuyatazama maji kwa sababu ana kazi ya kufanya. Tena hufasiri anachoelewa tu. Neno la sheria likimshinda, analiruka, na huenda hilo ndilo lililobeba faini.

Siku hizi sikubali kipindi ambacho kila sentensi inasemwa mara mbili, maana nusu ya watu wanangoja muda wote. Ninagawa vituo. Kituo kimoja ni cha Kihispania peke yake, na hapo wazazi ndio wenye usemi: nani aliwahi kuvua, kwa nyavu gani, samaki gani waliliwa kwao siku za Kwaresima, walikuwa wakipatikana wapi na sasa wako wapi. Mara nyingi hutokea babu aliyevua pwani ya Sinaloa au Veracruz huko Meksiko ambaye anajua tabia ya mikondo kuliko mimi. Watoto wanamsikia. Kituo cha pili ni cha Kiingereza, cha darubini na vipimo vya maji, kwa sababu Kiingereza hicho ndicho watakachokutana nacho darasani. Mwishoni kila upande una jambo la kumweleza mwenzake, na mazungumzo ya kurudi nyumbani garini yanakuwa ya familia nzima.

Halafu kuna wale ambao hata Kihispania si lugha yao ya nyumbani. Watu wengi waliotoka majimbo ya Oaxaca na Guerrero husema Kimixteco, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, ambacho kina lahaja nyingi zinazotofautiana sana, na wasemaji wengi hawakukisoma shuleni. Maandishi hayawafai, hata yawe mazuri vipi. Huko Oxnard, mji wa kusini mwa California, MICOP, shirika la jamii hizo za wenyeji wa asili, linaendesha Radio Indígena, na naona njia hiyo ya sauti ndiyo yenye maana: ujumbe mfupi uliorekodiwa na mtu wa lahaja ile, unaotumwa kutoka simu hadi simu. Hata majina ya samaki hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo picha kubwa ya samaki mwenyewe ni lazima.

Sasa sheria, ambazo kwa kweli ni ngumu hata kwa mwenyeji. California ina maeneo tengefu ya bahari 124, mtandao uliokamilika mwaka 2012 na kufunika kama asilimia 16 ya maji ya jimbo. Hapa kwetu lipo Elkhorn Slough, hori la kilomita kama 11 linaloingia nchi kavu kutoka Moss Landing. Katika sehemu yake ya ndani hairuhusiwi kutoa chochote. Karibu na mdomo wake unaruhusiwa kuvua samaki kwa mshipi na ndoano. Hori moja, sheria mbili, na majini hakuna mstari uliochorwa. Tena, mtu wa miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya kuvua, lakini akivua baharini kutoka kwenye gati la umma leseni haihitajiki, ingawa vipimo na idadi ya samaki vinabaki pale pale. Familia nyingi zinalijua gati kwa sababu hiyo. Gati letu la Seacliff lilivunjwa na dhoruba za Januari 2023 na likaondolewa. Kwangu mimi lilikuwa darasa bora kuliko ukumbi wowote.

Mwenye kuzisimamia sheria hizo amevaa sare na ana bunduki. Kwa familia yenye ndugu asiye na karatasi za uhamiaji, sare ni sare. Watu huondoka ufukweni wakiliona gari lake tu, hata kama hawajavunja lolote. Ninaeleza kwa utaratibu askari wa samaki ni nani, anakagua nini na ana haki ya kuuliza nini, na simwaliki kwenye kipindi cha kwanza. Baadhi ya wakuu hawapendezwi na uamuzi huo. Ninaushikilia.

Hori hilo ndilo linalonipa somo ninalolipenda kupita yote. Fisi-maji wa baharini wa California walidhaniwa wamekwisha kwa sababu ya biashara ya manyoya, mpaka mwaka 1938 kundi dogo la kama 50 lilipoonekana kusini mwa Monterey. Leo wako kama 3,000, na wengi kiasi wanaishi humu horini. Wanakula kaa, kaa wanapungua, na kingo za vinamasi zilizokuwa zinachimbwa na kaa zinamomonyoka polepole zaidi. Watoto wanalishika hili upesi. Kisha nawageukia wazazi, kwa sababu nusu ya pili ya habari wanaijua wao: mbolea ya mashambani huingia kwenye mifereji, mifereji humwaga horini, na maji ya Elkhorn Slough yana naitreti nyingi mno. Ni wao wanaozitandaza zile plastiki chini ya stroberi na kuziondoa msimu ukiisha, wanajua vipande huenda wapi mvua ikinyesha. Sijawahi kumkuta mwanasayansi anayeweza kueleza sehemu hiyo vizuri kama mchumaji.

Lakini niseme wazi: mchumaji hakupanga kiasi cha mbolea. Kipindi kinachomwacha na hisia kwamba yeye ndiye mchafuzi ni kipindi cha dhuluma. Ndivyo ilivyo Los Angeles pia, ambako kiwanda cha Montrose kilipitisha mamia ya tani za DDT, sumu ya kuulia wadudu, kwenye mabomba ya maji machafu hadi bahari ya Palos Verdes. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1980. Sumu bado iko kwenye tope la chini. Maskini anayevua magatini ndiye anayeambiwa leo samaki gani asile. Ni sawa aambiwe, kwa lugha yake na kwa picha, na aambiwe pia nani aliitia sumu hiyo.

Kuna usiku mmoja ambao hauhitaji onyo jingi. Kuanzia Machi hadi Agosti, usiku wa bamvua, baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, samaki wadogo wa rangi ya fedha waitwao grunioni hupanda mchangani. Jike huchimba kwa mkia, anasimama wima na kutaga mayai, na mayai hungoja bamvua lijalo ndipo yaanguliwe. Hawapatikani popote duniani isipokuwa California na rasi ya Baja California huko Meksiko, kwa hiyo ni samaki wa pande zote mbili za mpaka. Aprili hadi Juni ni kutazama tu. Miezi mingine mtu huruhusiwa 30, kwa mikono mitupu, bila kuchimba mashimo. Huonekana zaidi kusini, na familia hukaa na mablanketi na chokoleti ya moto zikingoja. Mimi niliyelelewa kuhesabu bamvua na maji mafu huona raha kuueleza mwezi kwa Kihispania.

Ninachokidai sasa kwa wafadhili ni kimoja. Amerika ya Kilatini ina utamaduni wa muda mrefu wa promotora, mama wa mtaa anayefundishwa na kwenda nyumba kwa nyumba na habari za afya. Wapo tayari Watsonville, wanaaminika, na wanajua nani ana ndoo na nani anapika kome. Tuwape kazi ya bahari kwa mshahara, si kwa kadi za zawadi, kwa mkataba wa miaka, na tuwape kauli ya mwisho juu ya kinachoandikwa na kinachorekodiwa. Bajeti ya vipeperushi vinavyobaki kwenye maboksi ingetosha kuanza na wawili kabla ya Mei.