Je, wajua kwa nini tone la oili chini ya pikipiki halikuonyeshi lilikotoka?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Masasi au Lindi mjini, utazame chini zinapoegeshwa pikipiki. Mchanga una madoa meusi. Mwenye pikipiki akigundua doa ni lake, huinama, akaiona nati ya kumwagia oili imelowa, akaenda moja kwa moja kwa fundi: "Fundi, nati hii inavujisha, nikazie." Inakazwa. Kesho yake doa lipo vilevile. Inakazwa tena, safari hii kwa nguvu zote, mpaka meno ya ndani yanalika, kwa kuwa nati ni ya chuma na kitako cha injini ni cha aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Hapo ndipo nati inapoanza kuvujisha kweli.

Mara nyingi nati hiyo haina kosa. Iko tu mahali pa chini kabisa, na oili yoyote inayotoka juu huishia hapo. Ni kama nyumba ya bati: maji huingia kwenye tundu la msumari huko juu, yakatambaa kwenye mbao, yakaja kudondokea kitandani. Kwenye pikipiki huongezeka upepo. Chombo kikiwa barabarani, oili husukumwa nyuma, kiasi kwamba gasketi (kizibo chembamba kinachowekwa kwenye maungio) ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ikivuja kwa mbele, unaweza kukuta hata rimu ya nyuma imelowa. Ukisimama, stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto, na kila kitu hukusanyika upande huo. Ndiyo maana mtafutaji haanzii kwenye tone. Anatafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote.

Kuna wanaoshangaa mbona asubuhi injini ni kavu na jioni imelowa. Oili hubadilika sana kwa joto. Ile ya 20W-50 (namba za uzito wa oili, huandikwa kwenye kopo) inayotumika kwenye pikipiki nyingi, ikiwa na nyuzi joto 100, huwa nyepesi kama mara nane au zaidi kuliko ikiwa na nyuzi 40, hivyo hupenya kwenye upenyo ambao ikiwa baridi isingepita. Tena aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini inayopata moto na kupoa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hulegeza boliti zake, hubana gasketi za karatasi na kukausha sili za mpira, zile pete zinazozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, yaani vyuma vinavyozunguka, mpaka zinakuwa ngumu.

Kabla ya kuosha, usome vumbi kwanza. Vumbi la njia za Tandahimba na Newala hung'ang'ania oili, na kwa kweli hapo linakusaidia. Ukoko mweusi, mnene na mkavu ni wa uvujaji wa zamani, pengine uliokwisha kurekebishwa. Mstari mwembamba unaong'aa, uliojichimbia njia katikati ya vumbi, ni wa sasa. Ufuate kwenda juu.

Kisha osha, injini ikiwa imepoa kabisa. Wengi hutumia petroli, na hilo naliogopa sana, kwa sababu mvuke wake unahitaji cheche moja tu kuwaka. Sabuni ya unga, maji na mswaki wa zamani vinatosha kusafisha katikati ya mapezi ya silinda, yale mabati membamba ya kuipoza. Iache ikauke. Sasa nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote. Kama poda haipo, unga mkavu wa muhogo uliochekechwa, ambao nyumba nyingi za Mtwara hazikosi, unafanya kazi hiyohiyo. Washa injini, iache ingurume bila kuondoka, na umulike kwa tochi ya simu. Usipoona kitu, zunguka mtaani hadi injini ipate moto vizuri, kisha mulika tena. Poda iliyoguswa na oili hugeuka rangi papo hapo, na pale inapoanzia kugeuka ndipo penye tatizo.

Ukienda kutoka juu kushuka, utapita kava ya tapeti (zinazofungua valvu) na mpira wake, gasketi ya hedi, kisha gasketi iliyo chini ya bloku. Kulia kuna kava ya klachi. Kushoto kuna kava ya magineti, inayozalisha umeme, na mpira zinapotokea nyaya zake, na karibu yake kuna sili ya shafti ya gia.

Sili ya sproketi ya mbele, gurudumu lenye meno linalovuta mnyororo, naitaja peke yake kwa sababu inadanganya kuliko zote. Imejificha nyuma ya kava, na hapohapo mnyororo unarusha oili yake, basi watu huona ule uchafu na kusema ni mnyororo tu. Fungua kava, safisha, tembea kidogo, tazama nyuma ya sproketi. Ikiwa inatoka kwenye shafti, usikimbilie kununua sili kabla ya kuishika shafti na kuitikisa. Sproketi kucheza kidogo si ajabu, lakini shafti yenyewe ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya haitadumu. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi huchangia kuiua hiyo beringi.

Ikiwa oili inatoka sehemu tatu nne kwa pamoja, acha gasketi kwanza. Angalia mpira wa kupumulia wa injini. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa na gesi kidogo inayopenya ringi, zile pete za pistoni, lazima vipate pa kutokea. Mpira ukikunjika au ukizibwa na tope, shinikizo la ndani hutafuta njia kwenye kila sili. Kujaza oili kupita alama huleta shida kama hiyo. Uchomoe mpira kwa upande wa juu injini ikiwa inanguruma: pumzi nyepesi ya kudundadunda ni ya kawaida, moshi mzito usiokatika ni ringi zilizochoka, na hapo gasketi mpya ni hela ya kutupa. Silikoni ya kupaka kwa wingi nayo ni hatari, kwani vipande vyake hukatikia ndani na kuziba chujio la oili.

Wakati unatafuta tatizo, endelea kupima oili. Injini hizi za cc 100 hadi 150 hubeba takribani lita moja tu, na ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia na klachi. Pima pikipiki ikiwa wima kwenye ardhi tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa. Ikishuka chini ya alama, ongeza kabla ya kuondoka. Na ukikuta oili imefika kwenye tairi la nyuma, usipakie abiria kuteremka naye kutoka Newala kwenda Masasi hadi tairi lioshwe kwa sabuni na uvujaji uzibwe.